Daktari wa Nyumba ya Wanyama Wasio na Wenyewe

Katika mji mmoja wa California, huko Marekani, ipo nyumba ndefu ya saruji nyuma ya yadi ya malori ya manispaa. Nyumba hiyo ni mali ya serikali ya mji, na kazi yake ni kupokea kila mnyama wa nyumbani asiye na mwenyewe: mbwa aliyeokotwa njiani, paka aliyezaa chini ya ghala, sungura aliyechokwa na watoto, na majogoo waliokamatwa katika michezo ya kuwapiganisha. Haina ruhusa ya kumkataa mnyama aliyeokotwa ndani ya mipaka ya mji. Mlango ukibishwa na askari polisi, au na mzee anayehamia chumba cha kupanga ambamo mbwa hawatakiwi, karani huandika siku na saa, humpa mnyama nambari, na mnyama huingia.

Daktari wa nyumba hiyo ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye mikono iliyojaa makovu ya makucha ya paka. Hakuanza na mbwa wala paka. Alikulia karibu na Tulare, katika Bonde la Kati, ambayo ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na alipotoka chuoni alifanya kazi miaka mitano akizunguka mashambani, akipima mimba za ng'ombe, kutibu viwele na kuwashauri wafugaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliomba kazi katika nyumba ya manispaa. Madaktari wenzake walimcheka. Walisema ya kwamba kule hakuna udaktari. Kule ni mahali pa kuulia tu, na aendaye huko ni yule aliyekosa kazi nzuri.

Maneno hayo hayakuwa uongo mtupu. Nyumba za namna hii hazikujengwa kwa sababu ya huruma, bali kwa sababu ya hofu. Katika karne ya 19 watu wa miji mikubwa ya Marekani waliogopa kichaa cha mbwa kama watu wa mahali pengine popote, na mbwa aliyezurura alikamatwa na kuuawa. Huko New York, katika miaka ya 1870, mbwa walitiwa ndani ya kizimba cha chuma, na kizimba kikashushwa kwa mashine mpaka chini ya maji ya East River. Chama cha kuwatetea wanyama kilichoanzishwa na Henry Bergh mwaka 1866 hakikutaka kuichukua kazi hiyo alipokuwa hai. Lakini mwaka 1894, alipokuwa amekwisha kufa, kilikubali kuiendesha nyumba ya mbwa ya mji ule, nacho kiliibeba kazi hiyo kwa muda wa miaka 100. Kizimba kiliachwa, ikaja hewa ya sumu, na baadaye ikaja sindano ya dawa ya usingizi ambayo kipimo chake kikizidishwa moyo husimama. Njia zilibadilika, lakini idadi haikupungua. Katika miaka ya 1970 ilikadiriwa kwamba mbwa na paka zaidi ya milioni 10 waliuawa kila mwaka katika nyumba hizo nchini Marekani.

Basi huyu mama alipoingia kazini siku ya kwanza alionyeshwa vitu viwili: chupa ya dawa ile, na orodha ya nambari za wanyama ambao muda wao wa kungojwa umekwisha. Chumba cha kutibia hakikuwapo. Palikuwa na meza, taa, na kabati lenye dawa ya minyoo.

Wakati huo huo sheria mpya ilikuwa imepitishwa. Zamani California ilimngoja mwenye mbwa kwa saa 72 tu. Sheria ya mwaka 1998 iliongeza muda huo hata kufika siku sita za kazi, au siku nne ikiwa nyumba hufunguliwa jioni au mwisho wa juma. Ilikuwa sheria njema, na watu wengi walipata tena mbwa wao kwa ajili yake. Lakini sheria haikujenga hata kibanda kimoja. Mbwa waliokuwa wakikaa siku tatu sasa walikaa wiki nzima, na waliokuwa wakiingia waliendelea kuingia, na banda la mbwa mmoja likawa la mbwa wawili na watatu.

Hapo ndipo magonjwa yalipoanza kutawala. Mbwa aliingia akiwa mzima, na siku ya tano akawa anakohoa. Daktari alimtibu. Kabla hajapona, wanne walio jirani yake walikohoa, naye akawatibu hao. Alifika alfajiri na kuondoka usiku, akitoka banda hili kwenda lile na sindano mkononi, na mwisho wa mwezi alipohesabu aliona kwamba wagonjwa wameongezeka kuliko alipoanza.

Jioni moja alisimama ukumbini akimtazama mtumishi akiosha mabanda. Mtumishi yule, kijana mwenye bidii, alianza na mabanda ya mlangoni kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu na bomba. Na mabanda ya mlangoni ndiyo yaliyokuwa na wagonjwa, ili daktari awafikie upesi. Aliwatoa mbwa wagonjwa kwa mikono yake, akaosha, akawarudisha, kisha kwa mikono ile ile na viatu vile vile akaenda kwa wazima, na mwisho kabisa akafika kwa watoto wa mbwa. Daktari aliona aibu. Mambo hayo aliwafundisha wafugaji wa Tulare kwa miaka mitano: ng'ombe wazima hukamuliwa kwanza, na yule mwenye ugonjwa wa kiwele hukamuliwa mwisho, na mkamuaji asiyefuata taratibu hiyo ndiye anayeueneza ugonjwa katika zizi lote. Hapakuwa na mfugaji hata mmoja asiyejua kwamba daktari wa zizi hamtazami ng'ombe mmoja tu; hutazama maji, majani, samadi, ndama, njia ya kuingilia na mikono ya mkamuaji. Naye mwenyewe, alipobadili ng'ombe kwa mbwa, alikuwa amesahau zizi.

Kwa hakika jambo hilo halikuwa likifundishwa vyuoni kwa ajili ya mbwa na paka. Somo la kwanza kamili la uganga wa nyumba hizi lilitolewa katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1999, na mmoja wa walioliongoza alikuwa Dkt. Lila Miller, mwanamke Mmarekani Mweusi, aliyemaliza masomo yake ya uganga wa wanyama chuoni hapo mwaka 1977 na kufanya kazi miaka mingi katika nyumba ya wanyama ya Brooklyn. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis kilianzisha idara yake. Hata hivyo haikuwa mpaka mwaka 2014 ndipo chama cha madaktari wa wanyama cha Marekani kilipoukubali uganga huo kuwa tawi maalum la elimu yao. Wale waliomcheka mama huyu walikuwa bado kazini siku hiyo.

Alianza na utaratibu wa kuosha: watoto wa mbwa kwanza, kisha wakubwa walio wazima, wagonjwa mwisho, na kwa wagonjwa viatu na koti vya pekee. Kisha akadai mlango mdogo wa kushuka ukatwe katikati ya kila banda, ili mbwa ahamie upande mmoja wakati upande mwingine unaoshwa, asiguswe na mtu. Paka aliwapa masanduku ya kujifichia, kwa maana paka mwenye hofu huugua mafua hata akiwa amechanjwa. Hayo yote yalikubaliwa bila maneno mengi. Shida ilikuja katika chanjo. Desturi ya nyumba ilikuwa kumchanja mbwa baada ya siku za kungojwa kwisha, tena ikiwa amechaguliwa kupata mtu wa kumchukua. Daktari alitaka kila mbwa achanjwe mlangoni, kabla hajakanyaga ukumbi.

"Daktari," alisema karani wa fedha, "kesho mwenyewe atakuja kumchukua, au wiki ijayo tutamlaza kwa sindano. Chanjo itakuwa imepotea bure."

"Simchanji kwa ajili yake peke yake," alijibu daktari. "Namchanja kwa ajili ya aliye jirani yake."

Karani hakushawishika, naye hakuwa mjinga. Fedha alizopewa zilikuwa chache na alitakiwa kuzitolea hesabu. Walibishana karibu mwaka mzima. Na katika mwaka huo, ambao ulikuwa wa pili wa daktari katika nyumba ile, liliingia jambo ambalo hata leo halizungumzi ila akiulizwa.

Upo ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Mkulima wa Afrika ya Mashariki aweza kuutambua ukoo wake mara moja, kwa kuwa virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua ya watoto na vya sotoka ya ng'ombe. Sotoka ndiyo iliyowamaliza ng'ombe wa nchi hizi katika miaka ya 1890, Dkt. Walter Plowright aliitengenezea chanjo bora huko Muguga, karibu na Nairobi. Mara ya mwisho ilionekana katika nyati wa Meru mwaka 2001. Na mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Distempa haijaisha. Mwaka 1994 iliwaua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa mbuga ile. Mbwa aliyeshikwa nayo hutokwa na usaha machoni na puani, hukohoa, huharisha, na mara nyingi, watu wanapodhani kwamba anapona, ugonjwa hupanda ubongoni na kifafa huanza. Ubaya wake mkubwa ni kwamba unajificha. Mbwa aweza kuwa nao wiki mbili au tatu, pengine zaidi, bila dalili kubwa, huku akiwapa wenzake.

Katika mwaka ule wa pili distempa iliingia katika ukumbi wa mbele. Mbwa watatu waliugua, na wengine 33 walikuwa wamevuta hewa moja nao. Hapakuwa na njia ya kujua nani ameshikwa na nani hakushikwa, na kila siku wengine waliingia. Sheria ya zizi ilikuwa wazi. Daktari alianza kazi baada ya chakula cha mchana na kumaliza jioni, na wote 36 walikuwa wamekufa. Alimshika kila mmoja yeye mwenyewe. Wengi wao, alisema, walikuwa wakitikisa mikia kwa kuwa walidhani wanatolewa kwenda kutembea.

Baada ya siku ile karani wa fedha aliandika hati ya kununua chanjo za mlangoni, na hakuuliza tena.

Miaka ikapita, nyumba ikabadilika. Chumba cha upasuaji kilijengwa, na kila asubuhi mbwa na paka 20 au zaidi wakahasiwa kabla ya kupewa watu. Los Angeles ndiyo iliyotangulia katika jambo hili, ilipofungua mwaka 1971 hospitali ya umma ya kuhasi wanyama kwa bei nafuu. Wanyama walitiwa chini ya ngozi kidude kidogo mfano wa punje ya mchele chenye nambari ya kumtambulisha mnyama. Si nyumba hii peke yake iliyobadilika: kwa makadirio ya chama kile cha Bergh, wanyama waliouawa katika nyumba za Marekani yote mwaka 2019 walikuwa kiasi cha 920,000. Idadi hiyo ni kubwa mno, lakini si milioni 10.

Kisha distempa ikarudi. Safari hii ilikuja na mbwa mmoja wa rangi ya mchanga, aliyeokotwa karibu na reli. Alichanjwa mlangoni kama wengine, lakini chanjo haimwokoi aliyekwisha kushikwa. Alikohoa kidogo, na kila mtu akadhani ni kikohozi cha kawaida. Siku ya kumi taya lake lilianza kutetemeka kama anayetafuna kitu kisichopo. Daktari alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kusema neno. Maabara ilithibitisha alichokuwa amekijua. Katika ukumbi ule palikuwa na mbwa wengine 58.

Mkuu wa nyumba alimwita ofisini. Hakuwa mtu mkatili. Nyumbani kwake alikuwa na mbwa wazee watatu aliowachukua hapo hapo kazini. Alisema kwamba mbwa 12 huingia kila siku, kwamba sheria haimruhusu kufunga mlango, na kwamba ukumbi sharti uwe mtupu na umeoshwa kabla ya Ijumaa.

"Wewe mwenyewe ulifanya hivyo zamani," alisema.

"Ndiyo," alijibu daktari, "na wengi wao pengine hawakuwa na lolote. Nipe siku mbili na fedha za kupima damu."

Maana katika miaka ile madaktari wa nyumba hizi walikuwa wamepata njia mpya. Damu ya mbwa aliyechanjwa, au aliyekwisha kupona distempa, ina kinga inayoweza kupimwa kwa saa chache. Mbwa mkubwa asiye na dalili, ambaye damu yake ina kinga ya kutosha, hatari yake ni ndogo sana, na aweza kupewa mtu. Asiye na kinga ndiye wa kuwekwa karantini. Wafugaji wanaijua hekima hii kwa namna nyingine: sotoka haikumalizwa kwa kuchinja ng'ombe wote, bali kwa kujua ni kundi gani lenye kinga na ni lipi lisilo nayo.

Alipewa siku mbili. Yeye na wasaidizi wawili walitoa damu mpaka usiku wa manane. Mbwa 41 walikuwa na kinga, na mbwa 17 hawakuwa nayo, na katika hao 17 tisa walikuwa watoto. Hao 41 walitangazwa bila ada, kila mmoja na barua iliyoeleza wazi yaliyotokea na kumwonya achukuaye asimpeleke penye mtoto wa mbwa asiyechanjwa. Daktari alihofu kwamba barua ile itawakimbiza watu. Iliwaleta. Kwa muda wa siku 12 wote walikuwa wameondoka isipokuwa watatu. Ukumbi ulioshwa, na kwa vile virusi vya distempa havidumu nje ya mwili, mbwa wapya wakaingizwa.

Wale 17 walipelekwa katika gereji ya zamani ya malori, wakatunzwa na mtumishi mmoja tu, ambaye hakuruhusiwa kukanyaga kwingine. Mtumishi huyo alikuwa yule yule aliyekuwa akiosha kuanzia mlangoni. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Karantini ilikaa karibu wiki sita. Manispaa ililalamika juu ya gharama, na gazeti la mji liliandika barua mbili za wasomaji, mmoja akisema fedha hizo zingefaa barabara. Mbwa wanane waliugua. Sita kati yao walipoanza kifafa daktari aliwalaza kwa sindano, na wawili wakapona, mmoja akibaki na mguu unaoshtuka-shtuka mpaka leo. Tisa hawakuugua kabisa. Yule wa rangi ya mchanga alikuwa amekwisha kulazwa siku ya kwanza.

Ukihesabu, waliopona na kutoka walikuwa 52 katika 58. Daktari hapendi hesabu hiyo isemwe kama ushindi. Akiisikia hutaja wale 36 wa zamani, na husema kwamba kama angelijua namna ya kupima damu yao, hesabu yao pengine ingalikuwa kama hii. Wenzake humwambia kwamba njia hiyo haikuwa mikononi mwake wakati ule, na hiyo ni kweli. Lakini kweli hiyo haimsaidii sana saa tisa za usiku. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2019, wa vifo vya miaka 1979 hadi 2015, ulionyesha kwamba wanawake walio madaktari wa wanyama walijiua mara tatu na nusu zaidi kuliko wanawake wengine. Mama huyu anaujua uchunguzi huo. Kwa sababu yake ameweka sharti katika nyumba ile kwamba hakuna mtu, daktari wala mtumishi, atakayepewa kazi ya sindano ya mwisho siku mbili mfululizo, na kila Alhamisi baada ya kazi wote huketi pamoja kunywa kahawa na kusema lililowauma. Mwanzoni waliona haya, wakanywa kahawa kimya. Yule mtumishi mwenye mvi ndiye aliyeanza kusema.

Mbwa wa mwisho kutoka gereji alikuwa jike mzee wa kahawia, asiye na meno ya mbele, ambaye hakuna aliyemtarajia kuchukuliwa. Dereva wa lori la manispaa, aliyekuwa akipita hapo kila siku kwenda kwenye gari lake na kumwona dirishani, alikuja na kamba, akatia sahihi karatasi, akaondoka naye bila kusema mengi. Jioni hiyo bango la karantini liliondolewa mlangoni. Kesho yake asubuhi gari lilileta mbwa kumi na mmoja na kikapu cha paka wachanga, na daktari alikuwa amekwisha kupanga sindano za chanjo juu ya meza ya mlangoni.